Goma: Janti zinapata rangi mpya nyumbani, nyufa za zamani zinabaki chini yake

Katika mji wa Goma, gari huanza kuzeeka kwenye miguu. Bodi yake inaweza kuwa bado inang'aa na moteri bado inalia vizuri, lakini janti zimekwisha kuchubuliwa na mawe meusi ya volkano, zimejaa mikwaruzo kwenye ukingo na madoa meupe kama unga wa muhogo. Ndiyo maana, hasa wakati wa kiangazi, mpita njia akichungulia ndani ya parsele anaweza kuona gari limenyanyuliwa, janti nne zimelazwa juu ya makartoni, na kijana ameinama juu yake akiwa na kopo la rangi ya kupuliza mkononi.

Kazi hiyo inafanyika vilevile Bukavu, Butembo na Bunia, mbele ya garaji ndogo na pia nyumbani, ambako mwenye gari anaifanya mwenyewe ili kuepuka gharama ya fundi. Haihitaji kompresa wala umeme. Inahitaji maji, msasa, makopo machache ambayo mafundi huita bombe, na siku moja au mbili za uvumilivu. Ikifanywa vizuri, gari la miaka mingi linapata sura nyingine. Lakini rangi ileile inayopendeza macho inaweza pia kufunika ufa, na abiria anayepanda teksi asubuhi hana namna ya kuujua.

Mawe yenye meno

Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipolipuka, lava ilipita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na safari hiyo lava ilisimama upande wa kaskazini, si mbali na uwanja wa ndege. Wakaaji wamevunja mawe hayo na kuyatumia kwa misingi ya nyumba, kuta za parsele na njia za ndani ya mitaa. Ni mawe yenye meno. Janti inayogusa ukingo wake mara moja tu wakati wa kuegesha inaondoka na alama.

Nje ya Goma hali ni tofauti, matokeo ni yaleyale. Bukavu ni miteremko na mifereji. Butembo na Bunia, udongo unageuka tope wakati wa mvua, mashimo yanajaa maji na dereva hajui kina chake mpaka gurudumu litakapoingia. Mpira ukiwa na upepo mdogo, kishindo chote kinapokelewa na janti.

Tena magari mengi hayafiki huku yakiwa mapya. Mengi ni ya zamani yaliyotoka Japani, yenye usukani wa kulia, ambayo yamepitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam kabla ya kuvuka mpaka. Janti zake zimekwisha kutumika miaka kadhaa katika nchi nyingine. Anayetaka kuzibadilisha anazikuta sokoni zikiwa za zamani vilevile, na bei yake inapanda na kushuka pamoja na dola. Kopo la rangi ni rahisi zaidi. Hesabu hiyo haihitaji maelezo mengi.

Kitu cha kwanza ambacho mwenye gari anapaswa kujua ni aina ya janti aliyo nayo. Kipande cha sumaku kilichotolewa kwenye baflo ya redio mbovu kinatosha. Kikinata, janti ni ya chuma. Kisiponata, ni ya aluminiamu, zile ambazo wengi huita janti alu. Tofauti hiyo si ya sura tu. Janti ya chuma ikipigwa na shimo mara nyingi hujikunja, na kwado, yule fundi wa kuziba mipira, anaweza kuinyoosha kwa nyundo. Janti ya aluminiamu ni ngumu na nyepesi, imetengenezwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na silisiamu, kwa kawaida karibu asilimia 7, na magneziamu kidogo, kisha ikapikwa kiwandani kwa joto lililopimwa ili ipate nguvu. Ikipigwa vibaya inaweza kujikunja, lakini inaweza pia kupasuka. Na haishiki kutu nyekundu: inatoa unga mweupe chini ya rangi, rangi inavimba, halafu inabanduka kama ganda.

Kusugua ndiko kazi

Fundi anayejua kazi hatumii muda mwingi kupuliza. Muda mwingi unaishia kwenye kuosha na kusugua, na hapo ndipo wanaofanya nyumbani kwa mara ya kwanza wanapokosea.

Kabla ya yote, gari linapaswa kusimama salama. Kriki peke yake haitoshi, kwa sababu inaweza kuteleza. Matofali na mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine ni mabaya zaidi, yanaweza kupasuka ghafla bila kutoa dalili. Magogo mapana ya mbao, yaliyowekwa mahali pagumu chini ya sehemu imara ya gari, ni afadhali. Na hakuna mtu wa kuingia chini ya gari hilo, wala mtoto kuchezea karibu, mpaka magurudumu yarudi mahali pake.

Janti ikishatoka, inaoshwa kwa maji na sabuni, mbele na nyuma. Upande wa nyuma ndio unaosahauliwa, na ndio mchafu zaidi: vumbi la freni limegandana na grisi na udongo, na ukingo wake wa ndani ndio unaopigwa sana na mashimo. Vile vipande vya risasi au chuma vilivyogandishwa kwa ajili ya balansi vinaondolewa, maana janti itahitaji kupimwa tena baadaye. Baada ya sabuni, inapanguswa kwa diluani na kitambaa safi. Wengine hutumia esanse kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini esanse inaacha mafuta juu ya metali na rangi haishiki vizuri. Tena inawaka haraka.

Kisha msasa. Ule mkali, namba 120 hivi, unaondoa unga mweupe na rangi iliyovimba na kulainisha mikwaruzo ya ukingo. Namba 240, halafu 400, zinafuta alama za ule wa kwanza. Si lazima rangi yote ya zamani iondoke. Ile iliyoshika vizuri inabaki, inasuguliwa tu mpaka ipoteze mng'ao, ili rangi mpya ipate pa kukamata. Kwa janti za kromu, zile zinazong'aa kama kioo, kazi ni ngumu zaidi: rangi ikipulizwa juu ya kromu laini, itabanduka kwa vipande baada ya muda mfupi.

Mikwaruzo midogo inajazwa mastiki na kusuguliwa. Hapa ndipo mstari unapaswa kuchorwa: mastiki ni kwa mkwaruzo, si kwa ufa wala kwa kipande kilichomeguka. Jambo hilo litarudi hapa chini.

Kwa wale wasioweza kutoa mpira kwenye janti, mafundi wana ujanja wa karata. Upepo unapunguzwa kidogo, na karata za kuchezea zinachomekwa moja moja kati ya mpira na janti, zikizunguka duara lote. Rangi inaangukia kwenye karata, mpira unabaki mweusi. Magazeti na skochi ya karatasi vinafunika kilichobaki, pamoja na vali. Vilevile yanafunikwa matundu ya buloni na sehemu ya nyuma ya katikati, ile inayogusa chuma cha gari. Wengi hawafunikii sehemu hizo kwa sababu hazionekani, na ni kosa lenye gharama.

Kisha kunapulizwa apre, rangi ya kwanza ya kushikisha. Pale ambapo aluminiamu imebaki uchi inatakiwa apre ya metali hiyo, si ile ya mbao au ya ukuta. Kopo linatikiswa dakika 2 kamili, linashikwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, na mkono unatembea bila kusimama. Tabaka la kwanza linapaswa kuwa jepesi kiasi kwamba janti bado inaonekana chini yake. Anayetaka kumaliza kwa mara moja ataona rangi ikitiririka kama machozi, na atalazimika kungojea ikauke, kusugua na kuanza upya. Matabaka 2 au 3 ya apre, msasa laini wa maji, matabaka 3 au 4 ya rangi, mwishoni matabaka 2 ya verni. Kati ya tabaka na tabaka, dakika 10 hadi 15, au kama kopo linavyoagiza.

Hali ya hewa nayo ina neno. Goma iko kwenye kimo cha mita karibu 1.500, Butembo juu zaidi, na asubuhi kunakuwa na baridi na unyevu. Verni ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu mwingi, inageuka nyeupe kama maziwa. Kwa hiyo mafundi wengi wanapenda kazi hii kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, siku isiyo na mvua. Lakini siku kavu ina adui mwingine: vumbi. Pikipiki moja ikipita mbele ya lango, kazi ya saa nzima inavaa mchanga. Kumwagia uwanja maji kidogo kabla ya kuanza kunasaidia, na kulaza janti pembeni ya ukuta kunasaidia zaidi.

Inafaa kungojea saa 24 kabla ya kurudisha gurudumu, na karibu wiki moja kabla ya kuiosha kwa sabuni kali. Wenye teksi hawapendi kusikia hilo, maana siku bila gari ni siku bila mapato. Matokeo yake yanaonekana barabarani: alama za ufunguo kwenye rangi mbichi.

Moshi usioonekana

Parsele si garaji. Ndani yake kuna mama anapika kwenye mbabula ya makala, kuna watoto, kuna nguo kwenye kamba. Gesi inayosukuma rangi kutoka ndani ya kopo mara nyingi ni butani na propani, ndugu wa gesi ya kupikia. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na inaweza kufikia moto ulio mbali kidogo. Mbabula inapaswa kuzimwa au kupelekwa mbali, na sigara vilevile. Kopo lenyewe halitakiwi kupata joto la zaidi ya digrii 50, wala kutobolewa, wala kutupwa kwenye moto wa takataka, hata likionekana tupu. Anayetaka kulipasha asubuhi ya baridi aliweke ndani ya maji ya vuguvugu tu, kamwe si juu ya makala.

Kwa mapafu, hatari inategemea aina ya rangi. Kopo la kawaida linaleta harufu ya diluani, kichwa kinauma, macho yanawasha. Zipo verni kali zaidi, zenye sehemu mbili zinazochanganywa wakati wa kutumia, ambazo zinadumu sana na kustahimili vumbi la freni na esanse. Hizo zina kemikali zinazoitwa isosianati, zinazojulikana kusababisha asma kwa wapiga rangi, na mtu aliyekwisha kuathirika anaweza kushikwa tena hata na kiasi kidogo. Barakoa ya kitambaa, au zile zilizobaki tangu wakati wa Covid-19, hazizuii kitu mbele yake. Inatakiwa barakoa yenye kichujio cha kemikali. Asiye nayo abaki na verni ya kawaida na afanye kazi nje, si ndani ya chumba wala kwenye barza iliyofungwa. Janti kudumu mwaka mmoja zaidi si sababu ya kutosha ya kuharibu kifua.

Ufa

Yote hayo ni mambo ya uangalifu. Suala zito zaidi ni lile la janti iliyopasuka.

Ufa wa janti ya aluminiamu mara nyingi unaanzia kwenye ukingo wa ndani, upande ambao dereva hauoni, baada ya kuingia kwenye shimo kwa mwendo. Mwanzoni ni mwembamba kama unywele. Dalili yake ni mpira unaopoteza upepo kidogo kidogo bila msumari, au usukani unaotetemeka gari likikimbia. Kwado akitumbukiza gurudumu ndani ya maji, mapovu yanatokea kwenye metali, si kwenye mpira. Mwenye gari makini anajua hapo kwamba janti imekwisha. Mwingine anasikiliza ushauri wa haraka: kuchomelea, kujaza mastiki, kupiga rangi.

Kuchomelea kunaonekana kama tiba, kumbe kunaongeza ugonjwa. Nguvu ya janti inatokana na joto la kiwandani, ambalo hatua yake ya mwisho hufanyika kwa digrii zisizozidi 200 hivi. Shalumo au chomeo la mtaani linapita kiwango hicho mara kadhaa, na metali iliyo pembeni ya kiungo inalainika. Ni vilevile kwa kunyoosha janti kwa moto. Mastiki, kwa upande wake, inazuia upepo kwa muda na haibebi uzito wowote. Rangi ikipita juu, hakuna jicho litakaloona. Janti hiyo inaweza kubaki chini ya gari la mwenyewe, na inaweza pia kuuzwa sokoni na mtu aliyeinunua akaamini ni nzima. Ikivunjika kwenye mteremko, mpira unapoteza upepo wote kwa mara moja, na dereva hana sekunde nyingi za kufikiri.

Mnunuzi hana mashine ya hospitali ya kupiga picha metali, lakini hayuko mikono mitupu. Janti ya zamani ambayo nyuma yake imepakwa rangi nzito na mpya kuliko mbele inataka maswali: kwa nini muuzaji alijisumbua kupendezesha upande usioonekana? Ukucha ukipitishwa polepole kwenye ukingo wa ndani unahisi kipandio. Ncha ya sindano ikiingia, hapo chini kuna mastiki, maana aluminiamu haichomwi na sindano. Kwenye janti nyingi za Japani kuna herufi JWL zilizochorwa kwenye metali, alama ya kanuni ya nchi hiyo kwa janti za aluminiamu. Alama hiyo inasema jinsi janti ilivyotakiwa kutengenezwa, haisemi kilichoipata kwenye barabara zetu.

Kuna pia njia ya zamani ya mafundi wa metali, isiyohitaji zaidi ya petrole ya taa na chaki. Janti inasafishwa mpaka metali ionekane, inapakwa petrole na kuachwa karibu nusu saa ili mafuta yaingie kwenye kila mwanya. Kisha inapanguswa mpaka ikauke kabisa, na unga wa chaki unapakwa juu. Kama kuna ufa uliofunguka, petrole inatoka tena na kuchora mstari wa unyevu kwenye weupe wa chaki. Njia hiyo haioni kila kitu, ufa uliojificha ndani ya metali unaiponyoka. Lakini mstari ukitokea, mjadala umekwisha. Kipimo hiki kinafanyika kabla ya apre, na baada yake janti inaoshwa upya kwa sabuni na diluani, la sivyo rangi haitashika.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi una maana. Anayesafisha na kusugua kwanza anapata nafasi ya kuona. Anayepuliza juu ya uchafu ili aokoe nusu siku anajifunga macho mwenyewe, na mara nyingine hajui hata kama amefunika kitu.

Buloni nazo zina hadithi yake. Rangi nzito ikiingia kwenye matundu zinamokaa, au nyuma ya janti inapogusana na gari, inashikilia siku za kwanza kama wosha, kisha inasagika na kuacha nafasi. Buloni iliyokazwa vizuri Jumatatu inakuwa imelegea Ijumaa. Kwa Toyota ndogo nyingi, kiwango cha kukaza ni Nm 103, na si kila garaji ina ufunguo wa kupima. Penye ufunguo wa kawaida, zinakazwa kwa kuruka, moja na ile iliyo mbali nayo, na kukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Dereva wa teksi anamaliza kilomita hizo mapema, kwa hiyo ukaguzi wake unaangukia siku ileile au kesho yake.

Na janti iliyopatikana na ufa haitupwi. Aluminiamu ina wanunuzi, wale wanaozunguka na mizani wakikusanya mabaki ya metali, na sehemu yake inaishia kwa wenye kuyeyusha na kumimina masufuria. Tatizo ni kwamba njiani kuna watu wanaoitazama na kuona bado ni janti. Kwa hiyo fundi mwangalifu, kabla ya kuiweka kwenye mizani, anachukua msumeno na kukata ukingo wake mahali pawili au patatu, kipande kizima kiondoke, ili pasiwe na mastiki itakayoweza kuirudisha barabarani.